Doa la Sebuleni kwa Mzee Ladislaus

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Vilikuwa viatu vya kuazima, nimevipiga kiwi tangu alfajiri nikidhani Fundi Mkuu atanipima kwa usafi. Hakuvitazama. Alinipeleka kwenye ukumbi mmoja mjini Moshi ambao karakana yetu ilikuwa imemaliza kuuwekea sakafu ya mbao za mninga, akaniagiza nitembee pekupeku toka mlangoni hadi dirishani, kisha nimwambie wapi pana kasoro.

Nilitembea mara tatu, jasho linanitoka, na sikusikia chochote. Niliona aibu kusema hivyo, nikaonyesha mahali popote tu karibu na dirisha.

"Umedanganya," alisema Fundi Mkuu, "ila umebahatisha. Hapo pana ubao umepanda kuliko mwenzake. Kuanzia leo usidanganye, na usibahatishe."

Nadhani ugonjwa wangu ulianza siku hiyo. Miaka yote niliyofanya kazi nilikuwa kama mtu anayesubiri kuulizwa tena wapi pana kasoro. Nikimaliza nyumba ya mtu nilirudi kesho yake kwa kisingizio cha kutafuta tupa niliyoisahau, kumbe nakwenda kupapasa mbao. Wenzangu wakanibandika jina la Fundi Wasiwasi. Nami niliwajibu kwamba wasiwasi ndio akili, lakini usiku sikulala kama wao.

Ninyi vijana mnaobandika plastiki yenye picha ya mbao mnamaliza chumba kwa siku moja. Sisi tulikuwa na mbao zenyewe. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Ulimi wa huu unaingia kwenye mfereji wa ule, na msumari unapigwa kwa mshazari juu ya ulimi ili usionekane. Sakafu ikichakaa husuguliwa kwa mashine ya msasa, kwanza msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini, ndipo inapakwa vanishi mara tatu, kila mara ikiachwa ikauke. Lakini kila ukisugua unakula ubao. Juu ya ulimi kuna unene kidogo tu, na ukiusugua hadi ulimi ukachungulia, sakafu imekufa. Hilo ndilo lililokuwa likiniamsha usiku: kwamba kila nikitengeneza, napunguza.

Kuhusu gharama, Fundi Mkuu alitufundisha hivi: "Mteja atakuuliza bei ya mbao. Wewe mpe bei ya sakafu." Maana yake uhesabu na vipande vitakavyokatwa vikatupwa, misumari, msasa, vanishi, na siku za kungoja. Siku za kungoja hakuna mteja aliyependa kuzilipia, na ndizo zilizokuwa ghali kuliko zote, kwa sababu asiyezilipa mwanzoni alizilipa baadaye kwa kung'oa.

Hayo niliyaona kwa macho nilipopelekwa tambarare, kuweka sakafu kwenye nyumba za mameneja wa shamba la miwa. Tulibeba mbao zilizokaa miezi kwenye banda huku mlimani kwenye ukungu. Bwana Msimamizi wa kule, mtu mnene mpole aliyekuja kutoka mkoa mwingine, alitukataza kuzigusa. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema, "lakini mbao mpe wiki mbili. Ilale humu ndani ilizoee joto." Mwenzangu mmoja hakumsikiliza, akazifunga chumba kimoja siku ileile. Kufika kiangazi mbao zilisinyaa hadi sarafu ilipita katikati yake. Kwa kuwa ukizitoa kwenye joto la Mabogini, kule tambarare, ukazipandisha Rombo mlimani huwa kinyume chake, zinavimba na kuinuka, kutoka hapo nilizilaza mbao zangu wiki tatu, kwa hofu tu.

Niliporudi mjini, karakana ilikuwa na mkubwa mpya, Mhandisi, aliyesomea majengo. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda sababu, kila kilichoharibika lazima kiwe na sababu yake kwenye karatasi. Ndiye aliyenifanya msimamizi wa sakafu zote, nami nikafurahi na kuogopa kwa kiasi kilekile.

Mwaka wa pili wa usimamizi wangu tulipata kazi karibu na mji wa Mkuu, Rombo. Consolata, binti aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alikuwa amewajengea wazazi wake nyumba nzuri pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa. Alitaka sebule ya mninga. Baba yake, Mzee Ladislaus, alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya walei parokiani, mzee mrefu asiyecheka ovyo, ambaye watu walinyamaza akipita. Niliweka sakafu ile kwa mkono wangu. Mihimili ilikaa juu ya nguzo fupi, chini yake udongo mtupu na matundu ya kupitisha hewa. Nilitembea pekupeku mara nne na sikupata kasoro.

Baada ya miezi mitatu Consolata akapiga simu. Palikuwa na doa jeusi kwenye kona, karibu na mlango wa kulia chakula, ukubwa wa sahani. Nilikwenda, nikasugua, nikapaka vanishi. Likarudi. Nikakagua bati, nikakagua mabomba, nikatambaa chini ya nyumba na tochi mdomoni; udongo mkavu. Nikasugua tena. Kama palikuwa na harufu sikuisikia, maana pua yangu ilikwisha kufa kwa vanishi zamani.

"Fundi, mimi nimechoka," Consolata aliniambia. "Desemba ndugu wote wanakuja nyumbani. Nitawaambia nini?"

Mhandisi akaniita ofisini. "Likirudi mara nyingine," alisema, "usimamizi nautoa kwako. Siyo kwa hasira. Ni kwamba sina sababu ya kuandika." Nilimwelewa. Nami nilijua jambo lingine ambalo sikumwambia: ubao wenye doa ulikuwa umebakiza msuguo mmoja tu kabla ya ulimi kuchungulia. Niliutumia msuguo huo.

Jumapili iliyofuata sikuweza kukaa nyumbani. Nilipanda hadi Mkuu bila taarifa. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, na Mzee Ladislaus amesimama kwenye ile kona na kata mkononi, kibuyu cha kunywea, imejaa mbege, pombe yetu ya ndizi. Alisema maneno machache ya Kichagga kwa sauti ya chini, akainama taratibu kwa sababu ya magoti, akamwaga kidogo juu ya sakafu yangu.

"Shikamoo, Meku," nilisema, kwa kuwa huku mzee wa heshima tunamwita hivyo.

Alishtuka. "Marahaba. Umeingia kama mwizi, fundi." Kisha akaketi. "Umeona."

"Nimeona."

"Mwaka juzi nilimsimamisha mtu mbele ya jumuiya kwa kuwamwagia wazee waliokufa pombe mgombani. Mimi mwenyewe. Nikamwambia akaungame."

"Sasa Meku, kama ni lazima, si umwage nje?"

"Nje wapi? Nyumba ya baba yangu ilikuwa hapa. Mlango wake ulikuwa hapo unapopatazama. Consolata alipojenga alijenga juu yake. Mtoto anakujengea nyumba, utamwambia aisogeze? Nikiwamwagia kule mgombani watajuaje ni mimi? Wanajua mlango wao." Akaitazama ile mbege iliyokuwa imetulia juu ya vanishi. "Zamani udongo ulikuwa unakunywa. Hii mbao yako hainywi."

Nilikasirika, sitaficha. Miezi mizima sikulala, nimetambaa chini ya nyumba kama panya, kumbe doa lina mwenyewe na mwenyewe anasali rozari. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu aliyefumaniwa akiiba, naye katika maisha yake hajaiba kitu. Hasira ikaniisha kabla sijaitumia.

Katikati ya juma nilirudi na kipande cha mninga. Niling'oa ubao ule mweusi nikauweka barazani. Ubao mpya niliukata ukae sawasawa juu ya mihimili, nikaupaka mafuta tu badala ya vanishi, na sikuupiga msumari hata mmoja. Ukingo wake niliukwangua kidogo, pa kuingiza vidole. Nilimwonyesha mzee: ukiuinua, chini yake ni udongo. Aliuinua, akautazama ule udongo, akaurudisha ubao.

Mhandisi alifika mchana kukagua, pamoja na Consolata aliyekuwa amekuja kutoka Dar es Salaam. Walisimama barazani, Consolata akauokota ubao wa zamani akaugeuzageuza. Mhandisi alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa. Kwake ulikuwa ubao mweusi tu.

"Haya," alisema, daftari mkononi. "Sababu ni nini?"

Mzee Ladislaus alikuwa kwenye kiti chake, anatazama miguu yake. Nilijua nikisema kweli usimamizi wangu unabaki, na Jumapili atakayokwenda kanisani itakuwa ya namna nyingine. Nikakumbuka siku ile ya ukumbini, kwamba nimekatazwa kudanganya.

"Niliufunga ubao ukiwa na unyevu," nilisema. "Kosa langu."

Mhandisi aliandika. Wiki hiyohiyo nilipelekwa stoo, kuwagawia msasa na misumari mafundi niliowafundisha mimi, nikakaa huko hadi nilipostaafu. Mke wangu aliniuliza mara moja tu: "Wewe usiyelala kwa ajili ya mbao, leo umefunga mbichi?"

Watu hudhani ukistaafu wasiwasi unastaafu nawe. Wangu ulibaki, ukabadilika swali. Nilijiuliza kama nilifanya vile kwa heshima, au kwa kuwa nilizoea kukubali makosa hata yasiyo yangu. Mzee alipofariki nilikwenda kuzika, nikasimama nyuma, nikarudi bila kuingia ndani.

Mwaka jana Consolata akanipigia. Amestaafu naye, amerudi Rombo kukaa na mama yake. "Njoo uitengeneze ile sakafu kabla ya Desemba," alisema. Nilikwenda na wasiwasi wangu wote, nikijipanga namna ya kumweleza kuhusu ubao uliolegea.

Alinipokea sebuleni. "Sugua kote, fundi," alisema. "Ila ule wa kona usiuguse, na usiupige msumari."

Nilibaki nimeshika begi la vifaa. "Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile barazani. Niliunusa ule ubao. Mimi ni mtoto wa huku, fundi, mbege siijui?"

Nikaikumbuka miaka yangu yote ya stoo. "Ungesema," nilimwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Neno moja tu."

"Ningesema nini? Ningemsema baba?" Macho yake yalijaa maji. "Nilisubiri useme wewe. Ulipojitwika kosa, nami nikaona haya. Nimekuwa nikiona haya hadi leo."

Nilitaka kubaki na hasira, nikatafuta mahali pa kuishika. Sikupata, maana alichokifanya ndicho nilichokifanya mimi, kwa ajili ya mtu yuleyule. Nikavua viatu. Nikachomeka mashine ya msasa ukutani, nikatazama nianzie wapi, nikaona kwamba amesimama palepale konani.

"Sogea kidogo, dada," nilimwambia. "Umesimama mlangoni kwa babu yako."