Mgongo wa Baba Stefano

Siku tuliyoezeka nyumba ya mama yangu pale Chilangala naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa zamani za Mwingereza, ile miaka ya mwisho mwisho, watu walipokwisha kuanza kunong'onezana habari za Uhuru. Mabibo yalikuwa yanadondoka, kila uwanja unanukia uraka, pombe ya mabibo hayo, na mawingu yameanza kujikusanya upande wa Ruvuma. Mwenye nyumba inayovuja halali usingizi wakati kama huo.

Mimi nilikuwa msichana tu, na mtoto mmoja mgongoni. Mume wangu, Baba Stefano, alikuwa amehamia kwetu, maana kwa desturi ya huku mwanamume ndiye aliyekuwa akienda kukaa ukweni, analima huko, anajenga huko, mpaka wamkubali. Nyumba ya mama mkwe ikivuja, aibu ni ya mkwe. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mirefu, na akiwa juu ya paa hupiga mluzi nyimbo za kanisani. Nikikuambia nilimpenda usinicheke. Hata mimi niliwahi kuwa na meno yote.

Sasa sikiliza desturi nyingine, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mkwe na mama mkwe walikuwa wakistahiana sana. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Mama mkwe kumkuta mkwewe amelala chali uwanjani, shuka imemfunguka, lingekuwa jambo la kusimuliwa mpaka Mnyambe. Ninyi siku hizi mnakumbatiana na wakwe zenu. Haya, sisemi kitu.

Asubuhi ile mama alikuwa ameteremka bondeni na wenzake kuteka maji. Unajua shida yetu ya huku juu, kwenda na kurudi ndiyo asubuhi imekwisha. Wanaume walikuwa juu ya paa. Mimi na mjomba wangu, kaka yake mama, tulikuwa chini tukiwarushia matita ya nyasi. Kumbe boriti moja ilikuwa imeliwa na mchwa kwa ndani. Nilisikia mlio wa mti, kisha kishindo, na ule mluzi ukakatika katikati ya wimbo.

Alikuwa amelala chali kwenye mchanga mwekundu, macho wazi. Nikapiga magoti kando yake. Akanitambua. Akasema polepole, "Mama Stefano, niacheni kidogo. Niacheni hivi hivi." Nikatazama miguu yake. Vidole vilikuwa vinacheza, vinachimbachimba mchanga. Hilo nililiona kwa macho yangu haya, mwanangu, na ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Mara tukasikia sauti za wanawake wanapanda kilima, ya mama yangu ikiwa juu ya zote, anacheka.

"Mwinueni!" nikasema. "Mama anakuja!"

Mjomba akamshika kwapani, wengine wakamshika miguu, wakamkalisha kwa nguvu. Alipiga yowe ambalo sijalisikia tena kwa mtu wala kwa mnyama. Wakamkokota mpaka nyuma ya ghala, wakamwegemeza ukutani, na mjomba akaanza kumvuta miguu ili ainyooshe, maana ndivyo tulivyomfanyia mtu aliyeteguka. Mimi nikamfunga shuka vizuri, nikamfuta mchanga usoni. Nikaona nimeiokoa heshima ya nyumba yetu. Nilipotazama tena vidole vya miguu, vilikuwa vimetulia.

Mama alifika, akaambiwa yaliyotokea, akatua mtungi wake. Hakupita nyuma ya ghala. Alisimama upande wa pili wa ukuta, uso ameugeuzia mashambani, akaniita.

"Alipoanguka kasemaje?"

"Kasema aachwe kidogo."

"Na ninyi mkamwinua."

"Wewe ulikuwa unakuja, mama."

Alijifunga upya kanga yake. Kisha akasema, "Mimi nina shingo, mwanangu. Ningeigeuza, nikapita kule. Wa kupisha nilikuwa mimi mzima, siyo yeye aliyevunjika." Hakupaza sauti. Angenifokea labda ningesahau, kwa kuwa nilifokewa sana ujanani.

Tukamfunga kwenye machela. Ulikuwa mti mrefu na shuka imening'inia chini yake, mgonjwa ndani amekunjika katikati, kichwa na magoti vinakaribiana. Wanaume wakapokezana mabega, tukashuka ukingo wa uwanda wetu wa juu kuelekea hospitali ya misheni upande wa Masasi. Kila walipojikwaa, ile machela iliruka naye. Nilitembea ubavuni nimemshika mkono, na mkono wake ulinibana kwa nguvu zake zote, basi nikajidanganya kwamba mwili wote uko hivyo.

Hospitalini alitupokea Sista mmoja, binti wa watu wa Masasi, mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Alimchomachoma Baba Stefano kwa pini, kuanzia kidole kikubwa cha mguu kwenda juu. Hakushtuka mpaka pini ilipofika juu ya kitovu. Baadaye akanitoa nje, tukakaa barazani.

"Dada, umewahi kupika mgongo wa mbuzi?"

"Nimepika."

"Ukivunja zile pingili, ndani kuna nini?"

Nilikijua kile kitu. Ni kitu cheupe, kilaini, kirefu kama kamba. Utotoni tuligombania kukinyonya, tukidhani ni mafuta.

"Na mtu anacho," akasema Sista. "Unaitwa ugwe wa mgongo. Unatoka kwenye ubongo, unapita shingoni, unashuka katika tundu la pingili hizo hadi karibu na kiuno. Unene wake haupiti kidole chako cha mwisho. Kwenye kila pingili inachomoza mishipa ya fahamu, kulia na kushoto. Ile ya shingoni inakwenda mikononi, ya chini inakwenda miguuni, na kwenye haja kubwa na ndogo. Ukitaka kutembea, amri ya kichwa inashukia humo. Ukikanyaga mwiba, habari inapandia humo humo. Zile pingili Mungu kaziweka ziukinge. Lakini pingili ikivunjika, kila ukimkunja mtu, ncha ya mfupa inaubana ule ugwe, inaukata. Mfupa utaunga, dada. Ugwe hauungi."

Ndipo nikamwambia habari za vile vidole. Alinitazama, akatazama mikono yake. Akaniambia hawezi kujua, huenda pigo lenyewe lilikwisha kuumiza, na uvimbe ungekuja kumaliza baadaye. Kisha akasema, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya, "Lakini kama vidole vilicheza, ugwe ulikuwa bado unapitisha amri." Nililia pale barazani mpaka mtoto mgongoni naye akaanza kulia.

Tulirudi nyumbani naye akiwa hivyo, mikono mizima, miguu imekufa. Miezi ikapita. Siku moja namwosha, maji ya baridi yakamdondokea wayoni, na mguu ukaruka! Goti likakunjika lenyewe! Nilitoka mbio nikipiga vigelegele uwanja mzima. Mama akachinja jogoo. Mjomba, ambaye tangu siku ile alikuwa hapiti kwetu, alikuja akaketi mlangoni akilia kwa furaha. Ni Baba Stefano peke yake ambaye hakufurahi. Alisema, "Mimi sikuusogeza. Wala sikusikia baridi."

Sista alipopita kutembelea wagonjwa, nikamkimbilia, hata shikamoo nikaisahau. Alinieleza taratibu. Kipande cha ugwe kilicho chini ya jeraha bado ki hai, alisema, na kina kazi yake chenyewe. Wayo ukiguswa, habari inafika pale mgongoni, na jibu linarudi papo hapo mguu unaruka, bila kichwa kuambiwa lolote. Ndivyo hata wewe unavyouondoa mkono kwenye moto kabla hujajua umeungua. Ila kwake ile njia ya kupanda kichwani imekatika. Nilimsikiliza nikiwa bado na harufu ya yule jogoo mikononi.

Tangu hapo tulijifunza kuishi. Nilimgeuza usiku na mchana asioze mgongo, maana ngozi isiyosikia hailalamiki. Siku moja mguu wake ulilala kwenye kaa la moto, na ni harufu iliyotuambia. Alisuka vikapu vya kukusanyia korosho, watu wakavifuata kutoka mbali. Mluzi aliurudia. Aliishi hivyo mpaka Stefano akawa na ndevu.

Mwaka wake wa mwisho nilimwambia. Nilimwambia vidole vilikuwa vinacheza, na mimi ndiye niliyesema ainuliwe. Aliendelea kusuka.

"Najua," akasema. "Nilikusikia. Na sauti ya mama niliisikia. Ningeweza, ningeinuka mwenyewe."

Alitaka kunipunguzia mzigo, maskini. Haukupungua. Mpaka leo nikiosha miguu ya mtoto mchanga, naanza na vidole, na nangoja vicheze.

Nimekuambia haya, mwanangu, kwa sababu ya yule kijana wa bodaboda aliyeanguka juzi pale Nanganga. Nimesikia mlivyomfanya. Mlimkunja mkampakia kwenye pikipiki nyingine, katikati ya watu wawili, kwa kuwa mnampenda na mlikuwa na haraka. Haraka ya upendo naijua mimi. Mtu akianguka kutoka juu, au akirushwa barabarani, mwache alale alivyolala. Mmoja apige magoti kichwani pake, akishike kichwa kwa mikono miwili kisiende huku wala huku. Muulize shingo inamuuma, mgongo unamuuma, anasikia ukimgusa mguu, vidole anaweza kuvichezesha? Wengine waite msaada. Na kama hapana budi kumtoa, tafuteni ubao, ng'oeni hata mlango wa nyumba, mshikeni watu wengi, mmgeuze kwa pamoja mwili mzima kama gogo, msimkalishe, msimvute. Shuka ikimfunguka, mfunike. Wanaoona aibu wageuze shingo zao.

Na zaidi ya yote, akisema aachwe kidogo, mwache.

Mungu akuhifadhie mgongo wako, mwanangu, na ule uzi mweupe aliouficha ndani yake. Akupe kupanda na kushuka mpaka uzee wako. Na ikitokea siku ukaanguka, wakukute watu wasio na haraka.