Nilivyoumbuliwa na msomaji wa darasa la pili

Leo katoto ka darasa la pili kameniumbua mbele ya kamera!

Mjukuu wangu Neema, huyu anayeniandikia hapa, kazi yake ni kutangaza vitabu vya watoto mtandaoni. Akaniketisha kihambani, shamba letu la migomba nyumbani, pamoja na watoto, niwasomee.

Mimi shule niliiacha la tatu, na kusoma nimeshasahau. Lakini tangazo lilitakiwa leo, ningemwangushaje?

Nikatazama picha, nikatunga. Tembo akapanda mlima, akalala juu ya wingu. Hata ukungu ulishuka migombani kusikiliza.

"Babu, hapo hakuna wingu," akasema Anjela, huyo wa darasa la pili. "Pameandikwa tembo anaoga."

Jamani!

Nikachuma sale, lile jani letu la kuombea radhi, nikampa. Akapokea. Akashika kidole changu, akakiweka kwenye neno tembo.

"Sema te."

Nikasema te.

Neema anarusha video hiyohiyo. Chekeni! Ila nyie wasomi, kitabu mlifungua lini?