Pikipiki Nyekundu ya Kawangware

Kila mwaka lazima nijifunze kitu kipya. Mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na mbili na kibanda cha mboga Kawangware, nilichagua pikipiki.

Jana mwalimu wangu, Mutua, ambaye huniita mama kwa Sheng, aliniambia, “Mathe, leo panda ile nyekundu, uzunguke peke yako.”

Nikavaa helmeti, nikapanda pikipiki nyekundu niliyoikuta na ufunguo, nikaondoka. Watu wakaanza kupiga kelele. Nikadhani wananishangilia, nikawapigia honi.

Mbele, vijana walikuwa wamefunga njia, mawe mikononi. Hapo ndipo nikasikia vizuri: “Mwizi!”

Nikasimama. Mmoja akanivua helmeti.

“Ngojeni! Si huyu ni mama mboga?”

Mwenye pikipiki akafika akihema. Alikuwa pasta wa kanisa letu.

“Mama Mwende,” akasema, “hata wewe?”