Upande wa Pili wa Kanda ya Bibi

Jumamosi iliyopita nilipita Digbeth, kwenye yale maghala ya zamani ambayo siku hizi yamekuwa mikahawa na maduka ya sahani za muziki. Mvua ilikuwa inanyesha, hii ya Birmingham isiyokuwa na haya, nikajisitiri mlangoni mwa duka moja. Ndani wakaweka albamu. Sikungoja hata mtu aimbe. Zile ngoma za mashine zilipoanza tu kugonga, nikaijua. Ilikuwa albamu ya pili ya Waswidi wawili, mwanamke anaimba na mwanamume anabonyeza mitambo. Muuzaji akaniambia kwa fahari kwamba imetolewa upya, watu wanaigombania. Nikamwambia hongereni. Nikatoka nikalowa.

Wewe ni mwenzangu, acha nikwambie kwa nini.

Tulikuwa tunakaa Kingstanding, kaskazini mwa mji uleule, katika zile nyumba za halmashauri zinazofanana mpaka mgeni anabisha hodi kwa watu wasiomjua. Baba alishajiondokea, na habari zake tusizitie hapa. Mama alikuwa msafishaji katika hospitali kubwa upande wa Harborne, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Sisi watoto watatu, wa kike peke yangu. Kazi zangu zilikuwa kufagia ngazi, kukatakata vitunguu, na kuanika nguo uani, ambako hazikauki mpaka zinuke kama mbwa aliyenyeshewa. Jikoni kulikuwa na harufu ya iliki na nazi ya kopo, na ukutani unyevu uliokuwa ukipanda kidogo kila mwaka.

Bibi, mama yake mama, alikuwa Unguja. Ndani kwake hakukuwa na simu, na barua hakuzipenda. Alisema karatasi haina pumzi. Basi yeye na mama walikuwa wakipelekeana kanda. Bibi anazungumza kwenye kaseti, anampa mtu anayesafiri. Mama anasikiliza, halafu anarekodi jibu lake juu ya kanda ileile, anairudisha. Hakuna aliyeona ubaya kufuta. Ndivyo ilivyokuwa, maneno ya huyu yanayafunika ya yule. Ungesikia jogoo mle ndani, na adhana ya mbali, na jirani akipiga hodi, na bibi akimpigia kelele: "Ngoja kwanza, naongea na mwanangu wa Ulaya!"

Mama alikuwa na tabia moja. Hakusikiliza yote kwa mara moja. Upande wa kwanza siku kanda inapofika, upande wa pili anauweka mpaka Ijumaa, siku yake ya mapumziko, kama mtu aliyejifichia kipande cha halua.

Nilikuwa na miaka kumi mwalimu wetu wa muziki alipotupigia ile albamu ya Waswidi darasani. Nikashikwa. Sijui kama wewe ulishawahi kushikwa na muziki ukiwa mtoto, ukala huku unauwaza. Ulikuwa muziki wa baridi, ngoma zisizochoka, na sauti ya yule mwanamke ikijipinda kama anayelia asiyetaka ijulikane. Niliona wametuimbia sisi, na ukuta wetu wenye unyevu, na mama kwenye kituo cha basi. Nikaiazima maktaba. Siku zikaisha, kesho yake inatakiwa irudi, nami nataka kuirekodi na kaseti tupu sina. Nikaenda kwenye droo ya mama nikachukua ya bibi, iliyokuwa imefika Jumatatu. Kwa desturi ya nyumba yetu halikuwa kosa la kutisha. Nikaiweka upande wa pili, nisikie kama kuna kitu.

Bibi alikuwa anasema: "Mwanangu, wewe Mungu kakupa watatu. Mie hapa sina hata wa kunipa maji ya kunywa. Niletee huyo wa kike, nimlee mie."

Unazijua mila zetu. Bibi kuomba mjukuu si jambo la ajabu. Mama mwenyewe alilelewa na bibi yake, na alilisema hilo kwa sifa. Mtu akiombwa mtoto na mama yake mzazi, neno hapana analitoa wapi? Lakini mimi nilizaliwa hapa. Nilikuwa naambiwa kwa Kiswahili najibu kwa Kiingereza, na bibi nilimjua kwa sauti tu. Niliogopa, mwenzangu. Kila mwamba ngoma huivuta ngozi kwake, nami nilivuta. Nikaigeuza kanda upande wa kwanza, nikairudisha mwanzo, nikatia sidii ya maktaba, nikabonyeza kurekodi. Waswidi wakajaza upande wa kwanza wote, kisha wakala sehemu kubwa ya upande wa pili.

Ijumaa mama akapika kahawa, akakaa kwenye kochi, akaianza kanda tena tangu upande wa kwanza. Zikatoka ngoma. Akaitazama redio kama imemtukana.

"Nani kagusa kanda yangu?"

"Mimi. Nilidhani umeshamaliza kuisikiliza."

Akashusha pumzi. "Haya. Hukujua."

Wallahi, bora angenichapa. Akaiacha iendelee, kwa sababu redio yetu ukikimbiza kanda mbele inaitafuna. Tukakaa pamoja tukawasikiliza Waswidi, akageuza upande, tukawasikiliza tena mpaka wimbo wa mwisho. Kisha, bila hodi, bibi: "...basi mwanangu, hilo nililokuomba usininyime. Nasubiri jawabu yako." Yaliyofuata yalikuwa salamu tu, za huyu na yule, dakika kama kumi hivi.

Mama akacheka. "Haya, bibi yenu kaomba kitu, na mimi sijui ni kitu gani! Jumapili nitampigia kwa jirani nimuulize."

Kesho yake simu ikalia kwetu. Bibi amefariki.

Tangu hapo ile kanda ikawa ibada. Kila Ijumaa mama aliiweka, na kwa kuwa hakuthubutu kuikimbiza, aliwapitia Waswidi wote kwanza ili amfikie mama yake. Akazijua nyimbo zile kuliko mimi. Ungemkuta anasukuma chapati huku anazivumisha puani, mwanamke wa Unguja na muziki wa disko la Stokholm, na machozi yanamdondokea kwenye unga. Mimi hata hamu ya ile albamu ilinitoka. Naye akawa analitafuta ombi. Labda alitaka paa la nyumba yake litengenezwe, likatengenezwa. Labda alitaka mama apatane na mdogo wake. Akampigia akamwomba radhi, ingawa yeye ndiye aliyekosewa. Akasomesha khitma, akapeleka cherehani kwa yatima wa mtaani kwao. Kila akimaliza moja anasema, "Silo. Moyo haujatua."

Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Mimi langu nililichuma, nikamwachia mama ale peke yake.

Kanda ilikatika nikiwa chuoni. Mama akaiunga kwa utepe wa gundi, ikacheza mara moja zaidi, kisha ikabaki mvumo. Siku hizi wanangu wanatumiwa sauti na binamu zao kwenye simu, nusu dakika, wanafuta bila hata kuketi. Siwalaumu; nani awalaumu, mimi? Lakini jogoo yule hayupo tena popote duniani. Waswidi wale wanatolewa upya, wanang'arishwa, wanauzwa Digbeth. Bibi aliyekuwa chini yao hakuna wa kumtoa.

Jumamosi ile, nguo zikinitiririka maji, nikapanda basi mpaka Kingstanding. Mama bado anakaa palepale. Alikuwa anapiga pasi mashuka. Sikumsalimu hata vizuri.

"Mama, alinitaka mimi. Nilimsikia. Alitaka unipeleke akanilee, nami nikafuta makusudi."

Akaisimamisha pasi. Akalikunja shuka, nami nikawa nangoja lolote, hata laana.

"Ningekupeleka," akasema.

"Najua, mama. Ndiyo maana nilifuta."