Soksi Iliyomsemea Mama

Mdogo wangu alinifungia mlango mama yetu akiwa anakufa, na mpaka leo watu wananiambia nisahau. Nisahau nini? Nilikaa jikoni kwake juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti la safari bado liko mwilini, nikasubiri kusikia kilio ndiyo nijue nimebaki bila mama.

Nilikuwa nimetoka mbali, mji nilikokuwa nafua mashuka ya hospitali. Niliposikia mama kapigwa na kiharusi niliacha mashine inazunguka nikaondoka. Nafika, mdogo wangu kasimama mbele ya chumba, mkono kwenye kitasa.

"Dada, usiingie. Mama kasema hataki kukuona."

"Nipishe."

"Kasema kwa mdomo wake. Unataka afe na hasira?"

Mjomba, kaka yake mama, naye alikuwa kaachwa nje, akanishika bega. "Mwache mgonjwa apumzike, mwanangu. Kama kasema, kasema."

Nikaamini. Mimi na mama tulikuwa hatumalizi wiki bila kurushiana maneno, ndivyo tulivyokuwa tunajuliana hali. Lakini kukataliwa? Kila nikikunja shuka namuuliza mama, nilikukosea nini hasa?

Sasa nyie mnaomwona mdogo wangu kwenye simu anachekacheka, acheni niwaambie ni mtu gani. Ana sauti laini kama sabuni iliyolala kwenye maji, ukiishika inateleza. Utotoni akivunja kikombe, anasema kavunja paka. Paka mwenyewe hatukuwa naye! Na mama anacheka, kikombe naokota mimi. Shule alipelekwa yeye, mimi darasa la pili nikatolewa, nikapewa beseni la kufulia. Akawa mwalimu wa chekechea, watu wazima wakawa wanamwamkia kwa heshima kama daktari.

Alipostaafu, badala ya kutulia, akaanza vikaragosi. Kile chumba alichofia mama akakifanya karakana. Ana kidude chake kinaitwa Mbona: kichwa cha sponji, macho ya vifungo, mdomo umeachama kama mfuko uliochanika. Anakisimamisha mezani, anakisogeza mkono kidogo, anapiga picha, anasogeza tena, anapiga tena. Kutwa nzima mtu na akili zake anahangaika ili mdoli ujikune kichwa! Picha zikishaungwa, kidude kinatembea na kusema kwa sauti yake yeye, kinarushwa mtandaoni, watoto wa dunia nzima wanakodoa macho.

Na kinafundisha nini? Kuhoji wakubwa. Mkubwa akitamka neno, Mbona anadakia: "Umejuaje? Ulikuwepo?" Mkubwa akijitetea kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, watoto wote wanapiga kelele: "Si jibu hilo!"

Mtaa wetu uliharibika. Muuza maziwa aliulizwa na katoto kasikofika kiunoni amejuaje maziwa ni ya leo, alikuwepo ng'ombe akikamuliwa? Yule bwana aligeuza baiskeli hakurudi tena, tukabaki na chai ya rangi. Nyumbani kwangu kulikuwa na mjukuu wangu, tunamwita Kidole kwa sababu hasemi bila kunyoosha chake. Nilimkataza Mbona, akawa anamtazama kwenye simu ya mama yake chini ya shuka.

"Nenda kaoge, unanuka."

"Umejuaje, Bibi?"

"Nina pua!"

"Mimi pia ninayo, na haisikii kitu."

Nilimtoa mbio na kandambili mkononi. Siku nyingine akaniuliza mbona hatuendi kwa bibi mdogo. Nikamweleza habari ya mlango, kama ninavyomweleza kila mtu mwenye masikio.

"Ulimsikia mwenyewe mama yako akisema?"

"Nilikuwa nje."

"Basi hukuwepo."

Nikamwambia afunge mdomo. Lakini usingizi sikuupata vizuri.

Halafu mdogo wangu akaalika watoto wa mtaa waje waone Mbona anavyotengenezwa, na mambo yote yarushwe moja kwa moja mtandaoni. Kidole alilia mpaka akapata kwikwi. Binti yangu, mama yake, yuko kazini, mtoto hawezi kwenda peke yake, ikabidi nimpeleke mimi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga ndani ya chumba kile. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, sikumsalimia mtu. Mjomba naye alikuwepo, mzee sasa, fimbo katikati ya magoti.

Mdogo wangu kavaa kilemba kipya, taa zinammulika. Akatoa kiboksi cha kioo, ndani yake soksi ya kijivu iliyoshonewa vifungo viwili.

"Huyu ndiye Mbona wa kwanza," akasema, ile sauti ya sabuni. "Mama yangu alipougua, ulimi wake ulikufa siku ileile. Hakutamka hata neno moja mpaka anaondoka. Basi nikamvisha soksi hii mkononi, nikawa naisemea, ili chumba kisiwe kimya."

Akina mama wakafuta machozi. Mimi kabla sijajua nifanye nini, kidole cha mjukuu wangu kikainuka pale mbele.

"Bibi mdogo, hakusema hata neno moja?"

"Hata moja, mwanangu."

"Sasa nani alisema bibi yangu asiingie?"

Mjomba akainua kichwa.

"Ni soksi?" akauliza mtoto. Hakuwa anatania, alitaka kujua.

Mdogo wangu akacheka kidogo, akatazama simu inayomrekodi. "Hayo, mpenzi, ni mambo ya wakubwa."

Wee! Chumba kizima, watoto wote kwa pamoja: "SI JIBU HILO!" Wengine waliruka juu. Walidhani ni mchezo, walikuwa wanafuata walichofundishwa. Mdogo wangu akainua mikono kuwanyamazisha, wakarudia.

Mjomba akagonga fimbo chini. "Mjibu mtoto."

Kilemba kilikuwa kimeshamwendea upande. "Nilitaka mama awe wangu," akasema, na sauti safari hii haikuteleza, ilikwaruza. "Nilimuuguza mimi. Dada angeingia, macho yote ya mama yangekuwa kwake."

Kidole hajamaliza. Hicho kitoto hakimalizi. "Alipokuwa hasemi, alikuwa anatazama wapi?"

Mdogo wangu alikaa chini.

"Mlangoni," akasema. "Alikuwa anatazama mlangoni."

Nikasimama. Nikamwita mjukuu wangu, nikamshika mkono.

"Dada," akaniita. "Dada, ngoja nikuambie."

Nikatoka, nikaushika mlango kwa kitasa kilekile, nikaufunga. Yule Mbona mpaka leo simpendi, na msamaha msiniulize.