Tak ya Mzee

Dada yangu anaitwa Katakata, na jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu kazi yake ni kukata ngoma. Sio za ngozi, tulia. Anachukua mlio wa ngoma wa sekunde chache, anaukatakata kwenye kompyuta kama kitunguu, halafu anavipanga upya vile vipande mpaka mtu aliyekaa zake anajikuta kasimama. Muziki wenyewe unaitwa brekibiti. Mama mpaka leo anauita "zile kelele za kabatini."

Na ni kabatini kweli. Studio yake ya kwanza ilikuwa kabati la nguo: makoti ya mama yanazuia mwangwi, kompyuta juu ya boksi la viatu, na mwenyewe kakunja magoti kama nguo ya msimu uliopita. Ukitaka sweta lako unagonga kwanza, unasubiri amalize kurekodi. Mchana alikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na kuna wimbo wake mmoja ambao naapa ule mlio wa nyuma ni mashine ya kutobolea jino. Anakataa. Sisi wenye meno ya kuzibwa tunaijua ile sauti.

Onyesho lake la kwanza lilikuwa sherehe ya kuzaliwa ya binamu yetu. Waliocheza ni wawili, na mmoja wao alikuwa anafukuza nyuki. Waliobaki walimfuata mmoja mmoja kumwomba aweke nyimbo wanazozijua. Mimi ningezima umeme nikaenda nyumbani. Yeye alipiga mpaka mwisho, akamshukuru hata yule wa nyuki.

Alipoanza kuitwa kwenye kumbi, mtandaoni wakaja wajuaji. Huyu anabonyeza kitufe kimoja tu halafu anatikisa kichwa, walisema, hata mtoto anaweza. Mimi nilishakunja ngumi za vidole gumba juu ya simu, tayari kwa vita. Dada akabeba kioo cha mama cha kujipodolea, akakiinamisha nyuma yake jukwaani, na ukumbi mzima ukaona vidole vyake vinavyorukaruka juu ya vitufe kama kuku kwenye bati la moto. Kila mlio anaugonga mwenyewe, palepale. Akikosea, kakosea mbele yako. Mama alikililia kioo chake wiki nzima, ila wajuaji walitafuta mtu mwingine.

Kuna studio kubwa ilimwita pia. Walimpa juisi, wakamtaka atumie ngoma zao mpya, safi, zilizorekodiwa na mabingwa. Akanywa juisi, akasema ahsante, akarudi kabatini.

Sababu ni hii. Ngoma zake zote, tangu wimbo wa kwanza, zimekatwa sehemu moja: sekunde nane za baba.

Baba alikuwa mpiga dramu wa bendi ya hoteli, mpaka kiharusi kilipouchukua mkono wake wa kushoto. Cha upigaji wake kilichobaki ni kanda moja, waliyoirekodi bendi ikijaribu vyombo, miezi michache kabla hajaugua. Na humo, kwenye sekunde nane anazopiga peke yake, anakosea. Fimbo ya kushoto inateleza, inagonga ukingo wa dramu, tak, tena imechelewa.

Sasa umjue mzee wetu. Anapiga pasi soksi. Wenzake kwenye bendi walimwita Saa. Kwa mtu kama huyo, tak moja iliyochelewa ni sawa na kutoka nje bila suruali.

Kwa hiyo dada aliichukua ile kanda kimyakimya, na kwa heshima ya mzee akalisogeza lile kosa kwenye kompyuta mpaka likakaa sawa na mapigo mengine. Baba hakuambiwa. Wala hakuwahi kwenda kumsikiliza. Alisema yeye na jukwaa walishaachana, na mtu hamtembelei mtalaka wake.

Mwaka huu dada akapata ukumbi mkubwa, jina lake peke yake kwenye bango. Asubuhi tunakunywa chai, baba akasema shati lake jeupe liko wapi, maana leo anakwenda. Kikombe cha dada kilibaki hewani.

Pembeni aliniambia ukweli. Mzee angesikia mkono wake mwenyewe, ule uliokufa, kaukatakata mwanawe na kuwachezesha watu nao bila hata kumwomba. Kuziacha zile ngoma hawezi. Bila hizo hana hata wimbo mmoja. Na akimuumiza mzee, alisema, kabatini harudi tena.

Akatumaini baba atachelewa. Baba, Saa, achelewe wapi? Watu wa bendi hufika wakati vyombo vinajaribiwa. Alasiri tu tayari kakaa mstari wa pili kwenye ukumbi mtupu, mkono wa kushoto mapajani, fundi sauti anakunja nyaya zake. Dada akakosa pa kukimbilia. Akaanza kupiga.

Baba alisikiliza wimbo mzima bila kupepesa. Ulipoisha akasema, "Hiyo ni dramu yangu."

"Ndiyo, baba. Nilitakiwa nikuombe."

"Ile kanda ya kujaribu vyombo. Mkono uliteleza pale."

"Ndiyo."

"Sasa kuteleza kwenyewe kuko wapi?"

Dada akasema alilinyoosha lile kosa, ili baba asikike vizuri. Mzee akautazama mkono wake kidogo.

"Nyoosha mashati, mama," akasema. "Kanda umeisikiliza mpaka mwisho? Baada ya ile tak bendi nzima inaingia imechelewa. Makusudi. Walinisubiri ili nisionekane nimekosea. Mkono ulishaanza kuniaga, mimi sijui, wao wameshaona. Lirudishe kosa langu mahali pake."

Dada aliinama kwenye kompyuta, akalitafuta pigo lile kama lilivyotoka kwenye kanda, akapiga tena. Tak ikaja nyuma kidogo, kama mtu anayeingia darasani akijifanya alikuwepo. Na ngoma yote, ambayo miaka yote ilitembea kama askari, ikaanza kutembea kwa madaha. Fundi sauti, aliyekuwa hajatikisa hata ukope tangu tufike, aliachia waya.

"Huyo sasa," fundi akasema.

Usiku ule ukumbi ulicheza mpaka kioo cha mama kikatetemeka. Mimi nilikuwa namwangalia mzee. Mkono wa kulia ulikuwa unapiga goti, na kila ikifika zamu ya kushoto, unasubiri.

Rekodi ya onyesho dada aliiweka mtandaoni, chini akaandika: dramu, baba. Haikupita saa, mjuaji mmoja akaja: kuna pigo limechelewa hapo, dada, rekebisha. Nilishakunja vidole gumba vyangu. Baba akaniomba simu. Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, polepole:

"Nilichelewa. Walinisubiri."

Akanirudishia simu, akaenda kupiga pasi.