Kikopo Namba Kumi na Tisa

Mimi niliishia darasa la nne. Atakayeona nimekosea kuandika anisamehe. Walionikosea mimi siwasamehe, na nitawataja. Majina sitaandika, nitawataja kwa kazi zao, na hapa kwetu kila mtu atawajua, maana mwenyekiti wa kitongoji tunaye mmoja, fundi cherehani mmoja, na shemeji wa namna ile, namshukuru Mungu, ninaye mmoja tu.

Kitongoji chetu kiko mbali kidogo na Bariadi mjini, huku chini kwenye majaruba. Mpunga tunaulima tukiwa ndani ya maji hadi magotini. Ng'ombe wanakunywa kwenye lambo, na sisi tunaoga kwenye lambo hilohilo. Kichocho tunacho tangu enzi za mababu. Dawa yake inakuja karibu kila mwaka, ila inaishia shuleni. Watoto wanasimamishwa kwenye mti wa kupimia urefu, wanapewa vidonge kadiri ya urefu wao, imekwisha. Safari moja nilikwenda kupanga foleni na mimi.

"Mzee, uko darasa la ngapi?" mwalimu akaniuliza.

"Nilitoka la nne, sijarudi."

Watoto wakacheka mpaka mmoja akatema kidonge. Nikarudi nyumbani na kichocho changu.

Mwaka ninaousimulia, tumbo langu lilikuwa limevimba upande wa kushoto, gumu kama jiwe la kusagia. Chooni naona damu. Kilabuni walikuwa wananiuliza mapacha wanazaliwa lini. Mke wangu hakucheka. Alikuwa ananiangalia ninavyokula vijiko vitatu na kusukuma sahani, halafu anakwenda nje kuchanja kuni ambazo zilishachanjwa. Zahanati hakukuwa na kipimo. Duka la dawa mjini walisema niandikiwe kwanza, na kuandikiwa mpaka upimwe. Nilikuwa nakufa taratibu, na nilijua.

Ndipo wakaja watafiti. Walikuja na gari jeupe, wakakaa chini ya turubai, wakasema wanataka kujua kama dawa ya kichocho ikitolewa mara mbili kwa watu wazima itawasaidia kuliko ikitolewa mara moja. Watu wazima! Nikasogea mbele nikakaa karibu na matairi. Kiongozi wao alikuwa mwanamama mwenye miwani, mpole, anazungumza kama anaogopa kutuamsha. Akaeleza kwamba kila kaya itatoa mtu mzima mmoja, kila mtu atapewa kikopo chenye namba, aweke choo kidogo ndani yake, kiasi cha kijiko kidogo. Atakayekutwa na mayai ya mdudu atapata dawa. Asiyekuwa na mayai hana cha kupewa, aende salama.

Kaya zilikuwa thelathini na saba. Mimi nikapewa kikopo namba kumi na tisa.

Kazi ya kukusanya vikopo alipewa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa sababu alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea na alikuwa na baiskeli. Walimpa na kizibao cha rangi ya machungwa. Tangu siku hiyo hakukivua, hata kanisani.

Sasa hapa kwetu, mtu akitaka kukumaliza anatafuta kitu kilichotoka mwilini mwako. Nywele, kucha, na hicho kingine. Wazee wanaoamini mambo hayo walisema wazi hawatoi. Sisi wa kanisani hatuamini, lakini na sisi hatukutoa. Katekista alisema amefunga choo. Kwa wiki nzima! Bibi mmoja jirani alimwambia shemeji yangu mlangoni, "Mimi sijawahi kupanda gari jeupe. Kinyesi changu ndicho kikapande kabla yangu?"

Shemeji alizunguka siku mbili na vikopo vitupu vikigongana kwenye kapu. Watafiti wangepita siku ya tatu adhuhuri. Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti, huyu ndiye mkosaji wa kwanza, mwandikeni, akasema, "Si umtumie fundi?"

Fundi cherehani si mtu wa hapa. Alitoka Malampaka, mguu mmoja mbovu tangu utotoni, kwa hiyo jarubani haingii, lamboni haendi, anaoga maji ya kisima. Halafu ni mlokole. Walipomweleza alisema, "Mimi nimefunikwa. Hakuna mganga wa kunifanya kitu. Leteni vikopo."

Wakaleta. Lakini vikopo thelathini na sita si mchezo, hata kama ni kijiko kidogo kidogo. Wakaanza kumlisha. Katekista alipeleka wali. Yule bibi wa gari jeupe alipeleka michembe ya kuchemsha, viazi vitamu vyetu vilivyokaushwa, na karanga. Mwenyekiti alichinja jogoo. Nilipita pale kibandani jioni, nikamkuta fundi ameegemea cherehani, jasho linamtoka, na watu sita wamemzunguka na mabakuli.

"Ongeza mlenda kidogo, fundi, kaya ya kwa mzee bado," mwenyekiti akawa anambembeleza.

"Mwenyekiti, mimi si mashine ya kukoboa!"

"Vumilia ndugu yangu. Ni kwa maendeleo."

Nikawaambia pale pale kwamba mnajiua wenyewe, hiyo dawa ni yenu. Wakanicheka. Shemeji akasema, "Wewe una tumbo lako, sisi tuna mila zetu." Nikamkabidhi kikopo changu mwenyewe, asubuhi ya siku ya tatu, nimekijaza kwa haki, nimefunga kifuniko, nimefuta na majani. Ukiondoa cha fundi, kilikuwa kikopo cha kweli pekee katika kitongoji kizima. Nikakaa kusubiri dawa.

Baada ya wiki mbili watafiti wakarudi wakiwa na furaha isiyo ya kawaida. Yule mama wa miwani aliwashika watu mikono. Kijana wa maabara alikuwa na swali moja tu.

"Samahani, naomba kuuliza. Siku ile kitongoji kizima kilikula mlenda?"

"Sisi tuna umoja," mwenyekiti akajibu.

Matokeo: hakuna yai hata moja. Watu wanaishi kwenye majaruba, wanaoga lamboni, na hakuna hata mmoja mwenye kichocho. Jambo hilo halijawahi kuonekana, alisema yule mama. Walitaka kujua siri yetu. Mwenyekiti akajikuna kidevu, akasema siri yetu ni michembe. Wakaandika! Wakachukua debe zima la michembe kwenda kuipima.

Mimi nikanyanyua mkono. "Na namba kumi na tisa?"

Akapekua. "Hakuna yai, baba. Uko salama kabisa."

Niliangalia tumbo langu. Niliona aibu, sijui kwa nini, kama vile nilikuwa nimedanganya watu. Mwanamke aliyesoma amesema niko salama, na karatasi ina muhuri. Usiku ule nilijiuliza kama ugonjwa wangu ni wa kujitakia. Nawaambieni ukweli: nilianza kuiamini ile karatasi kuliko damu niliyokuwa naiona kwa macho yangu.

Kukafanywa sherehe. Akaja mgeni rasmi, ng'ombe akachinjwa, likapigiliwa bango barabarani linalosema kitongoji hiki hakina kichocho. Kila kaya ikapewa fulana nyeupe yenye maneno hayo kifuani, na mkulima aliyekuwa anatoka jarubani akavalishwa yake juu ya tope. Fundi cherehani alikaa safu ya nyuma, amekonda, hata nyama hakutaka kuiona.

Mgeni rasmi alikuwa anasema tuwe mfano kwa Maswa na kwa Busega nzima mpaka Nyashimo, nikasikia joto linapanda kooni. Nikatapika damu. Nyingi, nyeusi na nyekundu, juu ya fulana yangu, juu ya neno lenyewe, kichocho. Ngoma zikanyamaza. Mwenyekiti akanifuata mbio, nikadhani anakuja kunishika. Alikuja kunivua fulana kabla mpiga picha hajageuka.

Gari jeupe ndilo lililonipeleka mjini. Daktari wa zamu, kijana wa Moshi, aliniangalia vizuri, siwezi kumsingizia. Akagonga tumbo, akasema linafanana na kichocho cha siku nyingi. Halafu akasoma karatasi yangu yenye muhuri, akawapigia watafiti, akarudi anatikisa kichwa.

"Kichocho hakipo huko kwenu. Utakuwa na vidonda vya tumbo. Unakunywa pombe?"

"Hata uji unanishinda."

"Acha pilipili."

Nikalazwa kwa ajili ya pilipili. Siku mbili wananinywesha dawa nyeupe kama chokaa. Siku ya pili nikatapika tena, na mke wangu akamshika daktari koti. Daktari akamwambia, "Mama, mimi natibu kwa vipimo. Kipimo kinasema hana." Mke wangu akatoka bila kuaga. Nilijua amekwenda kwao.

Alirudi kesho yake asubuhi na mama yake.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapitani kwenye kijia. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nimemwona mama mkwe wangu mgongo tu, na kwa mbali. Leo amekuja wodini! Alikaa kwenye benchi la korido nje ya mlango, amenipa mgongo, khanga imefunika kichwa chote, akaanza kuongea na ukuta kwa Kisukuma. Mke wangu akawa anamtafsiria daktari.

"Anasema yeye ndiye aliyefanya."

"Alifanya nini?"

"Alimmwaga."

"Alimmwaga nani?"

"Mkwe wake. Chooni."

Daktari akakaa kitandani kwangu, bila kuomba ruhusa.

Ikatoka yote. Shemeji yangu anaishi kwa mama yake. Asubuhi ile alipokea kikopo changu, akakiweka kwenye kabati la vyombo, kivulini, karibu na sufuria. Mama mkwe akakiona, akauliza ni cha nani. Shemeji akataja. Yule mama akapiga yowe, akajifunika uso. Uchafu wa mkwe wake, ndani ya nyumba yake, karibu na sufuria anayopikia! Angekula nini tena humo? Akampiga mwanawe mwiko, akakishika kikopo kwa jani la mgomba, akamwaga, akakiosha kwa majivu mara tatu. Heshima yake kwangu ndiyo iliyokuwa inaniua. Na shemeji yangu, mkosaji wa pili, badala ya kurudi kwangu niweke kingine, alikwenda kwa fundi akamwomba kijiko cha thelathini na saba.

"Yuko wapi huyo kaka yako?" daktari akamwuliza mke wangu.

"Amekimbilia Sola. Na kizibao."

Daktari akataka kipimo upya, saa hiyo hiyo. Darubini ya hospitali ilikuwa imeharibika. Iliyokuwa nzima ilikuwa ya watafiti, kwenye nyumba waliyopanga upande wa pili wa soko. Mke wangu alikuwa amenishikilia, nikilala chali nakabwa. Muuguzi yuko peke yake na wodi nzima. Nikaletewa kikopo, tukavuta pazia, nikajitahidi. Kikajaa. Tukabaki tunatazamana, mimi, mke wangu na kikopo.

Kutoka korido ukaja mkono. Umenyooshwa kinyumenyume, kiganja juu, khanga ya kanisani imetandazwa juu yake. Mama mkwe hakugeuka. Mke wangu akaweka kikopo juu ya khanga ile, na mkono ukafunga.

Alikatiza soko la Bariadi akiwa amekibeba kwa mikono miwili kama sadaka. Waliomwona walituambia baadaye. Watu wa kanisani kwake walimsalimia, "Mwangaluka, mayu!" hakuitikia hata mmoja. Wakadhani kafiwa. Alipofika alikiweka mezani, akasimama kuutazama ukuta. Kijana wa maabara akaweka jicho kwenye darubini, halafu akaita wenzake waje waone. Mayai yalikuwa yamejaa.

"Mama, huyu mgonjwa ni nani wako?"

"Simjui," akasema.

Nilipewa vidonge mchana ule ule, nikapelekwa Mwanza, wakanipitishia mpira kooni wakaifunga mishipa iliyokuwa inavuja. Bandama imebaki kubwa, itabaki hivyo, nimeambiwa. Jarubani siingii tena, nakaa kibandani na fundi, nashona vifungo. Yule mama wa miwani alirudi kitongojini, akakusanya upya, safari hii alisimama mwenyewe mlangoni mwa kila choo, na watu wakapata dawa. Hakugomba. Aliomba tu arudishiwe fulana, na hakuna aliyerudisha. Bango bado lipo barabarani, mwenyekiti anasema likiondolewa tutaonekana hatuna msimamo. Shemeji alirudi kutoka Sola wakati wa kuvuna pamba, akanisalimia kama hakuna kitu. Sikuitikia, na sitaitikia.

Mama mkwe wangu hatujatazamana mpaka leo. Sahani ya nyumbani kwake sijala. Lakini watafiti wakija, kila msimu, anamtuma mke wangu aniulize swali moja, na haondoki pale uani, amegeukia boma la ng'ombe, mpaka apate jibu.

"Mama anauliza, umeshatoa?"

"Mwambie nimeshatoa."

"Anauliza, nani amekibeba?"

"Mwambie nimekibeba mwenyewe."

Hapo ndipo anapofunga khanga yake vizuri na kuondoka.